Saini ya kupimwa si saini ya kuhamishwa

Swali limetoka kwa mama wa watoto watatu anayeishi Igoma, jijini Mwanza. Anaandika: "Mwanangu wa pili ana miaka minane, yuko darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali. Hajui kusoma hata silabi, kazi zake nyingi ananakili kwa mwenzake, na mwalimu anasema mara nyingi yupo darasani lakini ni kama hayupo. Wiki iliyopita mwalimu mkuu aliniita akanipa karatasi yenye sentensi moja: 'Mimi mzazi nakubali mwanangu apimwe na kupewa huduma za elimu maalumu.' Baba yake anafanya kazi mgodini Geita. Amenikataza nisisaini, kwa sababu anaona mtoto atapelekwa kwa watoto wa kitengo, lile darasa la pekee la watoto wenye ulemavu, na hatatoka tena huko. Dada yangu anayeishi Marekani anasema shule haiwezi kumwanzishia mtoto chochote bila saini ya mzazi. Mimi naogopa pande zote mbili. Nikisaini, nitakuwa nimemfunga mwanangu? Nisiposaini, atafukuzwa shule?"

Mama, naanza na majibu mafupi kwa sababu najua karatasi hiyo inakusubiri. Mwanao hatafukuzwa shule kwa kuwa hukusaini. Hakuna sheria inayompa mwalimu mkuu mamlaka hayo, na mtoto wa miaka minane hapotezi nafasi yake darasani kwa sababu mzazi wake ameomba muda wa kufikiri. Saini yako pia haimfungi mtoto maisha. Hata hivyo, karatasi uliyopewa ina kasoro ambayo ndiyo chanzo cha hofu yenu ninyi wawili: imechanganya mambo mawili katika sentensi moja. Kupimwa ni jambo moja, na kupewa huduma ni jambo jingine. Ushauri wangu ni kwamba la kwanza ulikubali sasa, tena bila kuchelewa, na la pili usubiri mpaka uone matokeo ya upimaji na uelezwe mpango wenyewe.

Nimefanya kazi ya elimu maalumu Kanda ya Ziwa kwa muda mrefu, kwanza nikifundisha kitengo na baadaye nikishiriki upimaji wa watoto, na karatasi za aina hii nimeziona katika shule nyingi. Siamini kwamba walimu wakuu huziandika kwa nia mbaya. Mwalimu mkuu anajua kwamba kumwita mzazi mara ya pili ni kumpotezea siku nyingine ya biashara, kwa hiyo anaona ni afadhali kumaliza yote kwa saini moja. Lakini hakuna mchuuzi pale Mwaloni Kirumba anayelipia gunia la dagaa kabla hajalifungua na kutia mkono ndani, na mzazi naye hana sababu ya kukubali huduma ambayo haijajulikana itakuwa ipi, itatolewa na nani, wala kwa tatizo gani. Ridhaa ya namna hiyo haina thamani hata kwa shule yenyewe, kwa sababu siku mzazi atakapoambiwa kwamba alikubali mtoto ahamishwe, atasema kwa haki kabisa kwamba hakujua.

Kwa hiyo, ukiwa mbele ya mwalimu mkuu, piga mstari mmoja juu ya maneno "na kupewa huduma za elimu maalumu" na uweke saini fupi pembeni ya mstari huo. Chini yake andika kwa mkono wako: "Nakubali mwanangu apimwe. Kuhusu huduma, nitajibu baada ya kuelezwa matokeo ya upimaji na kuoneshwa mpango wa kumsaidia." Weka jina, saini na tarehe, kisha ipige picha kwa simu yako na umtumie baba yake. Mwalimu mkuu mwenye busara hatakasirika, maana umempa kile hasa anachokihitaji kwa wakati huu. Akisema kwamba fomu haibadilishwi, mwombe kwa upole akuandikie nyingine yenye sentensi ya upimaji peke yake. Karatasi tupu ya daftari inatosha.

Naomba sasa nieleze kwa nini nakuhimiza ukubali upimaji haraka, kwa sababu katika maelezo yako kuna jambo ambalo lingenifanya nisilale kama mtoto angekuwa wangu. Unasema mara nyingi yupo darasani lakini ni kama hayupo, na kwamba ananakili kwa mwenzake. Mtoto anayenakili vizuri kutoka daftari la jirani mara nyingi anaona vizuri na ana akili ya kutosha kutafuta njia ya kuishi darasani. Swali la kwanza ninalojiuliza kuhusu mtoto wa namna hiyo ni kama anasikia. Huku kwetu watoto wengi hutoka usaha masikioni wakiwa wadogo, familia huzoea hali hiyo, usaha hukauka na kurudi, na hakuna anayefikiri kwamba ngoma ya sikio inaweza kuwa imetoboka na usikivu umepungua. Nyumbani mtoto huyo huonekana mzima kabisa, maana anaitwa kwa sauti kubwa akiwa karibu. Darasani, kwenye kelele, mwalimu akigeukia ubao, maneno yanampotea. Wenzake wanatamka silabi pamoja naye anafungua mdomo tu.

Sisemi kwamba hilo ndilo tatizo la mwanao, kwa sababu sijamwona. Nasema kwamba upimaji uliofanywa vizuri huanzia hapo, kwenye masikio na macho, kabla mtu yeyote hajatamka maneno "ulemavu wa akili". Na hapa nataka uwe makini, kwa sababu katika shule nyingi za kawaida kitengo kilichopo ni cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili, basi mtoto yeyote anayeshindwa kusoma hutazamwa kama mgeni anayestahili kitengo hicho. Mtoto asiyesikia vizuri akiwekwa humo atafundishwa mambo yaliyo chini ya uwezo wake, na baada ya miaka miwili atakuwa amechelewa kweli. Hofu ya mume wako ina msingi hapo. Lakini dawa ya hofu hiyo ni upimaji wenyewe, kwa sababu bila upimaji mtoto atabaki na lile jina la "mzito" ambalo tayari amepewa bila mtu kusaini popote.

Upimaji wa awali shuleni hauna mashine za kutisha. Mpimaji husimama nyuma ya mtoto kwa umbali wa mkono mmoja, sikio moja likiwa limezibwa, na kumnong'oneza maneno anayoyafahamu kama mbuzi, kisu au samaki, akimtaka ayarudie. Mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi hukosa sauti kama s na f, au hugeuka atazame midomo ya mpimaji. Kwa macho, hutumika chati yenye herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, mtoto akiwa umbali wa mita 6 na kuonesha kwa vidole upande ambao herufi imeelekea, hivyo hata asiyejua kusoma anapimika. Kisha mpimaji humtazama akiwa darasani na akiwa uwanjani, hupitia madaftari yake, humpa kazi ndogo za kusoma, kuandika na kuhesabu, na huzungumza na mzazi kwa muda mrefu: mimba ilikuwaje, mtoto alianza kusema lini, amewahi kuugua degedege au homa ya uti wa mgongo, nyumbani anafanya kazi gani bila kusaidiwa. Mazungumzo hayo na mzazi ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote. Ukiona mpimaji amemaliza kazi bila kukuuliza lolote, omba aendelee, kwa sababu hajamaliza.

Ikionekana kuna tatizo la masikio, mtoto hupewa rufaa ya hospitali, na sisi wa Mwanza tuna nafuu kuliko wengi, kwa kuwa Bugando ina wataalamu wa masikio, pua na koo. Mzazi wa kisiwani Ukerewe lazima apande feri au boti kwa ajili ya jambo hilo hilo. Wewe ukitoka Igoma unaweza kwenda hata kabla tarehe ya upimaji wa shule haijafika, na ningekushauri ufanye hivyo.

Sasa nigusie maneno ya dada yako. Anachosema ni kweli kwa nchi anayoishi, na ni vizuri ukielewe kikamilifu, kwa sababu wenzetu wale wameyatenganisha mambo haya mawili kwa uwazi ambao nautamani hapa. Sheria yao ya elimu ya watoto wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1975, ikapewa jina jipya mwaka 1990 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004. Kwa mujibu wake shule lazima ipate ridhaa ya mzazi kabla ya kumpima mtoto kwa mara ya kwanza, na ridhaa hiyo hairuhusiwi kuhesabiwa kuwa ni ya huduma. Upimaji hukamilishwa ndani ya siku 60 tangu ridhaa ipokelewe, isipokuwa jimbo likiwa limejiwekea muda wake. Huduma zikitaka kuanza, mzazi huombwa ridhaa nyingine. Akikataa upimaji, shule inaweza kutafuta usuluhishi au kupeleka shauri mbele ya afisa huru anayesikiliza migogoro ya namna hiyo. Akikataa huduma za mwanzo, shule haina njia ya kumlazimisha, na hailaumiwi kwa kutozitoa. Tangu mwisho wa mwaka 2008 mzazi anaweza pia kuiondoa ridhaa kwa maandishi baada ya huduma kuanza, na shule ikishampa taarifa ya maandishi lazima isimamishe huduma hizo. Lakini mtoto huyo huanza kuhesabiwa kama mwanafunzi wa kawaida, na ulinzi aliokuwa nao kwa sababu ya huduma hizo huondoka pamoja nazo. Jambo hilo dada yako pengine hakukwambia: uwezo wa mzazi kukataa ni mkubwa kule, na anayebeba gharama ya kukataa ni mtoto.

Hapa kwetu msingi umejengwa upande mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hazikupanga ngazi za saini kama zile. Zimeweka haki ya mtoto na wajibu wa watu wazima wanaomzunguka. Sheria ya Mtoto inataka maslahi ya mtoto yawe jambo la kwanza katika kila uamuzi unaomhusu, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inawapa wazazi wajibu wa kumpatia mtoto elimu na malezi. Sheria ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kupokelewa katika shule ya umma au binafsi, inataka asome katika shule ya kawaida isipokuwa pale mawasiliano maalumu yanapohitajika, na apewe msaada unaoendana na ulemavu wake kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 umefuata mwelekeo huo huo.

Mambo mawili yanatoka humo, na yote mawili yanakuhusu. La kwanza ni kwamba mwalimu mkuu hawezi kuanza na kitengo kana kwamba ndipo mahali pa kawaida pa mtoto mwenye shida. Anapaswa kwanza kueleza ni msaada gani umejaribiwa katika darasa la pili alilomo na kwa nini haukutosha. La pili linamgusa baba yake: uwezo wake wa kukataa aina fulani ya huduma hauwi uwezo wa kumkatalia mtoto elimu. Nimeona wazazi waliokasirishwa na fomu kama hii wakamtoa mtoto shuleni na kumpeleka kwa bibi yake kijijini, akachunge ng'ombe. Hapo mzazi ndiye anayekuwa upande mbaya wa sheria, kwa sababu kumwandikisha mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria ni lazima nchini kwetu. Bishaneni kuhusu njia, lakini mtoto aendelee kwenda shule kila asubuhi mkiwa bado mnabishana.

Matokeo yakitoka, usikubali kuelezwa ukiwa umesimama mlangoni. Omba kikao, na ndani yake awepo mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu kama shule inaye, na ikiwezekana afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu ya Jiji la Mwanza. Omba uelezwe kwa maneno ya kawaida mwanao anaweza nini, hawezi nini, na kwa nini. Hapo ndipo litakuja suala la huduma, na ni vizuri ujue kwamba neno hilo lina maana pana sana. Huduma inaweza kuwa kumkalisha mtoto dawati la mbele, upande ambao sikio lake zima linaelekea kwa mwalimu, na mwalimu kuongea akimtazama. Inaweza kuwa miwani, kifaa cha kusaidia kusikia, au saa kadhaa kwa wiki na mwalimu wa elimu maalumu huku akibaki mwanafunzi wa darasa lake. Inaweza kuwa kitengo kwa sehemu ya siku, au kwa siku nzima. Na inaweza kuwa shule ya bweni kama Mitindo kule Misungwi, ambayo kwa miaka mingi imepokea watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi. Kila moja ya hizi inahitaji jibu lako la peke yake. Mzazi aliyekubali dawati la mbele hajakubali kitengo, na aliyekubali kitengo hajakubali bweni.

Kuhusu bweni niseme neno moja zaidi, ingawa kwa mwanao sioni dalili kwamba litahitajika. Kumpeleka mtoto mdogo bweni ni uamuzi mzito kuliko yote, na ridhaa yake inapaswa kutaja nani atamtembelea, mara ngapi, na likizo atakuwa wapi. Katika kanda yetu familia nyingi zenye watoto wenye ualbino zilifanya uamuzi huo kwa kuhofia maisha ya watoto wao, na sina neno la kuwalaumu. Lakini wapo watoto waliofikishwa bweni na ndugu hawakurudi tena kuwaona, na watoto hao huuliza.

Msaada wowote utakaopendekezwa, ombeni uandikwe katika mpango wa elimu wa mtoto binafsi, ambao walimu wa elimu maalumu hufundishwa kuuandaa. Usitishwe na jina lake. Ukurasa mmoja au miwili inatosha. Ninaposoma mpango wa namna hiyo natafuta mambo machache tu. Natafuta mahali mtoto alipo sasa, kwa maneno yanayopimika: "anatambua irabu zote tano na konsonanti sita, hasomi silabi". Natafuta anakokusudiwa kufika na lini: "ifikapo mwisho wa muhula asome silabi za konsonanti na irabu, kama ba, ma na ta, bila kusaidiwa". Natafuta jina la mwalimu atakayefanya kazi hiyo, siku na vipindi, na tarehe ambayo ninyi na walimu mtakaa tena kuutazama mpango. Mpango unaosema "mtoto atasaidiwa kusoma kulingana na uwezo wake" haujasema chochote, na hauna sababu ya kupata saini yako mpaka uandikwe upya. Ukiwa na tarehe ya kurudi kuutazama, ile hofu ya kwamba akiingia hatatoka inapungua sana, maana mlango wa kutoka umeandikwa siku ile ile aliyoingia.

Kuna faida nyingine ya kumbukumbu hizi ambayo wazazi wengi huijua wakiwa wamechelewa. Mtoto atafika kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, kisha upimaji au mtihani wa mwisho wa elimu ya msingi, na Baraza la Mitihani huwafanyia maandalizi watahiniwa wenye mahitaji maalumu: wasioona hupata karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu hupata maandishi makubwa, na muda huongezwa. Shule huwasilisha mahitaji hayo mapema. Mtoto ambaye hakuwahi kupimwa hana cha kuwasilishiwa, hata kama kila mtu shuleni anajua kwamba ana shida.

Ridhaa ya kweli pia inataka mtoaji aelewe. Wewe umeandika Kiswahili kizuri na unasoma, lakini watoto wengi wa huku hulelewa na bibi zao, kule Magu, Kwimba au Misungwi, na bibi anaweza kuwa msemaji wa Kisukuma asiyejua kusoma. Kumshikisha wino wa kidole gumba juu ya fomu asiyoielewa ni kumdhalilisha, na shule ina wajibu wa kumweleza kwa lugha yake, kwa utulivu, mpaka aweze kurudia kwa maneno yake mwenyewe alichokubali. Mzazi kiziwi anastahili mkalimani wa lugha ya alama. Kumtumia mtoto huyo huyo anayejadiliwa awe mkalimani wa mama yake si haki kwa yeyote kati yao.

Kuhusu baba wa mtoto, nakusihi usisaini kwa siri ukitumaini hatajua. Wajibu wa malezi ni wa wazazi wote wawili, na mpango unaopingwa na baba huvunjika siku anaporudi likizo. Msomee sentensi uliyoiandika kwa mkono wako chini ya fomu, umweleze kwamba imetaja upimaji tu. Kisha mwombe mwalimu mkuu aongee naye kwa simu wewe ukiwepo, au kikao cha matokeo kipangwe siku ambazo yuko mapumziko. Kwa uzoefu wangu, akina baba wengi hulegea wanapoulizwa swali wanaloweza kulijibu: mtoto anapokuwa nyumbani, ukimwita kutoka nyuma bila yeye kukuona, anaitika? Mwambie alijaribu yeye mwenyewe akija.

Mtoto naye ana neno lake. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Miaka minane ni umri wa kutosha kuelezwa kwamba kuna mwalimu atakuja kumpima masikio na macho na kumpa kazi chache, na kwamba hajafanya kosa lolote. Muulize anapenda kukaa wapi darasani na kwa nini. Majibu ya watoto kwa swali hilo yamewahi kunifundisha zaidi ya fomu nzima.

Taarifa zitakazopatikana ni za mtoto na familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya na taarifa za watoto katika kundi linalohitaji ulinzi zaidi. Kwa hiyo matokeo hayatangazwi mstarini asubuhi, hayatumwi katika kundi la simu la wazazi, na picha ya mwanao akipimwa haipelekwi popote bila ninyi kukubali. Ikiwa fomu ina sentensi ya picha, hilo ni jambo la tatu na linajibiwa peke yake.

Mkikubali huduma na baada ya muda mkaona haimfai mtoto, andikeni barua fupi kwa mwalimu mkuu mkitaja tarehe, huduma gani mnaomba isimame, na kwa sababu gani, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa shule. Barua hiyo inahusu siku zinazokuja. Haifuti kilichokwisha kufanyika, na kumbukumbu za upimaji hubaki. Ningependa iwe hatua ya mwisho, baada ya kikao cha kuutazama mpango, kwa sababu mara nyingi kinachohitaji kubadilishwa ni mwalimu, ratiba au mahali, na siyo msaada wenyewe. Mkishindwa kuelewana na shule, nendeni kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Kama suala limekuwa la mtoto kunyanyaswa au kuzuiwa kuingia darasani, afisa ustawi wa jamii ahusishwe siku hiyo hiyo.

Wiki hii, basi, peleka fomu ikiwa na mstari wako na sentensi yako, uliza upimaji utafanyika tarehe gani na nani ataufanya, na umpeleke mtoto akaangaliwe masikio. Ukienda hospitali beba madaftari yake mawili, la Kusoma na la Kuandika, pamoja na maelezo mafupi ya mwalimu wa darasa yenye saini yake, kwa sababu daktari anayejua mtoto anashindwa wapi darasani atamchunguza kwa makini zaidi kuliko anayeambiwa tu kwamba mtoto hasikii vizuri.